Uhakiki wa Nadharia ya Usambaaji wa Utamaduni kwa Kurejelea Kilambo na Maingilio ya Mto Ruvuma

Ikisiri

Makala haya yanahakiki nadharia ya usambaaji wa utamaduni kama inavyotumika katika jiografia ya binadamu, kwa kurejelea Kilambo, Mkoa wa Mtwara, na ukanda wa maingilio ya Mto Ruvuma. Nadharia hiyo huueleza utamaduni kama jambo linalotoka katika kitovu chake na kuenea kwa watu wengine kadiri umbali na vizuizi vinavyoruhusu. Hoja ya makala ni kwamba maelezo hayo yanafaa kuonesha njia ambazo mambo yalipita, lakini hayatoshi kueleza kwa nini watu wa kingo mbili za mto mmoja, wenye asili moja, walishika baadhi ya mambo, wakayaacha mengine na kuyageuza mengine. Mifano inayotumika ni historia ya mpaka, mkorosho, ndonya na mapiko, vinyago vya mpingo, na Kiswahili. Inahitimishwa kuwa nadharia inahitaji kuongezewa mambo matatu: shuruti, hiari ya kukataa, na mabadiliko ya maana. Pia inaoneshwa kuwa upungufu huo una madhara katika namna wakazi wa mpakani wanavyotazamwa leo.

1.0 Utangulizi

Kilambo ni kijiji cha mpakani katika Wilaya ya Mtwara, kusini mwa mji wa Mtwara. Msafiri anayetoka mjini hupita kwenye mikorosho na minazi, akafika penye ofisi za uhamiaji na forodha, kisha akateremka mtoni. Hapo kuna kivuko cha MV Kilambo kinachosimamiwa na TEMESA, ambacho huvusha watu na magari kwenda upande wa Namoto, katika Wilaya ya Palma nchini Msumbiji. Safari zake hutegemea kina cha maji, kwa kuwa mto hukaribia bahari hapo na mafungu ya mchanga hujitokeza maji yanapopwa. Wasio na magari huvuka kwa boti na mitumbwi.

Katika kingo zote mbili husikika Kimakonde na Kiswahili. Kwa desturi ya Wamakonde wa pande zote, nasaba huhesabiwa kwa upande wa mama, na vijana hupitishwa jando na unyago. Uislamu una mizizi mirefu pwani, na Ukristo una nguvu zaidi katika nyanda za bara, Newala na Masasi kwa upande mmoja na Mueda kwa upande mwingine. Hata hivyo, mtoto wa ng'ambo husoma kwa Kireno na mtoto wa Kilambo husoma kwa Kiswahili. Mwanamke wa huku hujifunga kanga yenye jina, ilhali wa kule hujifunga kapulana isiyo na maandishi. Sura za mapiko nazo hazifanani kikamilifu.

Hali hii inazaa swali ambalo nadharia ya usambaaji inapaswa kulijibu. Ikiwa ukaribu ndio unaosambaza utamaduni, kwa nini watu wanaotenganishwa na maji ya dakika chache wametofautiana katika mambo hayo? Na ikiwa mpaka ndio unaozuia, kwa nini mambo mengine yamepita kana kwamba mpaka haupo?

2.0 Misingi ya Nadharia

Mjadala wa usambaaji katika jiografia una historia ndefu. Friedrich Ratzel, mwishoni mwa karne ya 19, aliuhusisha uenezi wa vitu na desturi na uhamaji wa watu. Carl Sauer (1952) alieleza chimbuko la kilimo kwa kutafuta vitovu vichache ambako mimea ilifugwa kwanza kabla ya kusafirishwa kwingine. Mwanaanthropolojia Alfred Kroeber (1940) aliongeza dhana ya usambaaji wa kichocheo, ambapo wazo husafiri lakini umbo lake hubuniwa upya na wapokeaji. Torsten Hägerstrand (1953) ndiye aliyeipa nadharia hii sura ya kihisabati. Alichunguza namna wakulima wa Uswidi walivyopokea mambo mapya, kama vile ruzuku ya kuboresha malisho na udhibiti wa kifua kikuu cha ng'ombe, akaonesha kwamba taarifa hupita zaidi kati ya watu walio karibu.

Kutokana na kazi hizo, jiografia ya binadamu hutofautisha aina kuu za usambaaji. Upo usambaaji wa uhamaji, ambapo watu huhama na utamaduni wao. Upo usambaaji wa kuambukiza, ambapo jambo hutoka kwa jirani hadi jirani. Upo pia usambaaji wa ngazi, ambapo jambo huanzia mijini au kwa wakubwa, kisha likashuka vijijini au kwa watu wa kawaida. Katika aina zote hizo umbo la msingi ni moja: kitovu, mshale na mpokeaji.

James Blaut (1977, 1993) aliukosoa mtazamo huu kwa msingi wa kisiasa. Alionesha kwamba katika maandishi mengi kitovu kimekuwa Ulaya na mpokeaji amekuwa dunia nzima iliyobaki, kana kwamba ubunifu ni mali ya upande mmoja. Ukosoaji wake una nguvu na unahusu pwani ya Afrika Mashariki moja kwa moja. Kwa muda mrefu, waandishi waliutazama utamaduni wa Waswahili kama zao la wageni kutoka Uajemi na Uarabuni, hadi kazi kama ile ya Derek Nurse na Thomas Spear (1985) zilipotumia ushahidi wa lugha kuonesha kwamba jamii hiyo ilichipuka miongoni mwa wasemaji wa lugha za Kibantu, ikapokea mengi kutoka nje ikiwa tayari ni jamii.

Pamoja na hayo, Blaut anabakiza pengo. Kubadili kitovu au kugeuza mshale hakubadilishi umbo la maelezo. Anayesema kwamba utamaduni ulitoka Afrika kwenda kwingine bado anatumia kitovu, mshale na mpokeaji. Eneo la Kilambo linalazimisha swali la kina zaidi kuhusu kinachotokea mwisho wa mshale, mikononi mwa yule anayeitwa mpokeaji.

3.0 Mto Ulivyofanywa Mpaka

Mwaka 1886 Ujerumani na Ureno zilikubaliana kwamba Mto Ruvuma uwe mpaka kati ya maeneo yao. Makubaliano hayo hayakuzingatia kwamba Wamakonde, Wamakua, Wayao na Wamatambwe walikuwa wakiishi pande zote za mto. Kwa watu hao bonde la mto lilikuwa mahali pa kulima, kuvua na kuvukia.

Historia ya Kionga inaonesha jinsi mstari huo ulivyokuwa wa kubahatisha. Kionga ipo kusini mwa maingilio ya Ruvuma, ng'ambo ya Kilambo. Mwaka 1894 Wajerumani waliikalia sehemu hiyo ndogo, na ikawa chini ya Afrika Mashariki ya Kijerumani. Mwaka 1916, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, Wareno waliitwaa, na mwaka 1919 wakathibitishiwa umiliki wake. Kwa hiyo, kwa takriban miaka 22, kingo zote mbili za mto karibu na bahari zilikuwa chini ya mtawala mmoja, kisha zikatenganishwa tena. Mkazi wa Kionga aliyezaliwa kabla ya 1894 na kuishi hadi 1920 alibadilishiwa dola mara mbili bila kuhama nyumba yake. Nadharia inayouona mpaka kama kizuizi cha kudumu katika mandhari haina nafasi ya mtu huyo.

Jambo la pili ni uhamaji. Kuanzia 1891 hadi 1929 Kampuni ya Niassa ilipewa na Ureno mamlaka ya kuendesha kaskazini mwa Msumbiji. Utawala huo uliambatana na kodi nzito na kazi za shuruti, na kazi za shuruti ziliendelea baada ya kampuni kuondoka. Wamakonde wengi walivuka Ruvuma kwenda Tanganyika, ambako walifanya kazi katika mashamba ya mkonge na baadaye mijini. Huko waliitwa Wamawia ili kuwatofautisha na Wamakonde wa Newala na Mtwara. Jina hilo lilikuwako kabla, lakini mpaka ulilipa kazi mpya, kwa kuwa sasa lilimtaja mtu aliyetoka katika nchi nyingine.

Katika lugha ya nadharia, tukio hili ni usambaaji wa uhamaji. Istilahi hiyo si kosa, ila inanyamazia sababu. Wahamaji hao hawakuwa wabebaji wa ubunifu wanaotafuta wapokeaji. Walikuwa watu waliokimbia kazi za shuruti. Fredrik Barth (1969) alieleza kwamba tofauti za kikabila hudumishwa kwenye mipaka ya makundi, palepale watu wanapokutana na kuingiliana. Hali ya Wamawia inathibitisha hoja yake, kwa sababu tofauti ilipata uzito baada ya watu kuvuka na kuanza kuishi pamoja. Hata hivyo, Barth naye anaelekea kuuona mpaka kama jambo linalosimamiwa na makundi yenyewe. Ruvumani mpaka ulisimamiwa pia na dola, kampuni na mkusanya kodi.

4.0 Mkorosho: Mahali Nadharia Inapofanikiwa

Haki inadai kwamba nadharia ipimwe kwanza pale inapofanya kazi vizuri. Mkorosho ni mmea wa Brazili ulioletwa Msumbiji na Wareno katika karne ya 16. Kutoka huko ulienea katika pwani, ukakubaliana na ardhi ya kichanga na majira ya kusini, na hatimaye ukawa zao kuu la biashara la Mkoa wa Mtwara. Hapa kitovu kinajulikana, njia inaeleweka, na mazingira yanaeleza kwa nini mmea ulishamiri mahali fulani kuliko pengine.

Lakini kilichosafiri ni mti. Namna ya kuishi nao haikusafiri nao. Mabibo, yaani tunda lenyewe, hukamuliwa kinywaji cha uraka, na kutokana nayo hutengenezwa pia pombe kali. Msimu wa korosho umekuwa msimu wa fedha, na fedha hizo ndizo zinazogharimia mambo mengi ya kijamii, zikiwamo sherehe za jando na unyago. Hivyo, zao la kigeni limekuwa nguzo ya kugharimia desturi za kale. Mchoraji wa ramani ataonesha kwa usahihi mahali mkorosho ulipofika na asione kabisa kwamba kuwasili kwake kulitia nguvu jambo lililokuwapo badala ya kuliondoa.

5.0 Ndonya, Mapiko na Vinyago

5.1 Ndonya

Karl Weule, mwanaethnolojia wa Kijerumani aliyesafiri kusini mwa Tanganyika mwaka 1906, aliandika kwa kirefu kuhusu ndonya za wanawake na kuhusu unyago. Wakati huo kipande cha mti katika mdomo wa juu na chale za usoni vilikuwa alama za heshima na utambulisho. Katika muda wa karne ya 20 desturi hiyo ilififia katika kingo zote mbili, na vijana wa leo huifahamu zaidi kwa simulizi na picha.

Nadharia ya usambaaji ingeueleza ufifiaji huo kama ushindi wa mtindo mpya uliotoka mijini, shuleni na katika dini za kimataifa. Maelezo hayo yana ukweli. Hata hivyo, ndonya haikutoweka. Iliondoka katika uso wa mwanamke ikabaki katika uso wa mti. Barakoa na vinyago vingi vya Kimakonde huonesha mwanamke mwenye ndonya na chale, hata vikichongwa na mafundi ambao mama zao hawakuvaa ndonya. Alama iliyokuwa ya mtu hai imekuwa alama ya mababu, na baadaye ikawa pia alama ya kumwonesha mnunuzi kwamba kazi hii ni ya Kimakonde. Mabadiliko ya namna hii hayamo katika mshale unaoonesha tu kuingia na kutoka.

5.2 Mapiko

Mapiko ni ngoma ya barakoa inayohusiana na jando. Mchezaji hufunikwa mwili wote, na kwa desturi wanawake na wasiotahiriwa waliambiwa kwamba anayecheza ni mzimu. António Jorge Dias na Margot Dias, waliowachunguza Wamakonde wa Msumbiji katika miaka ya 1950 na 1960, waliielezea kwa kina nafasi ya ngoma hii katika jamii.

Ngoma hiyo ipo kaskazini na kusini mwa mto, lakini maumbo yanatofautiana. Kwa upande wa Msumbiji barakoa ya kawaida ni ile inayovaliwa kama kofia na kufunika kichwa kizima. Kwa upande wa Tanzania zinajulikana zaidi barakoa za uso, pamoja na zile za kiwiliwili zinazoonesha mwanamke mjamzito. Kwa hiyo, kingo mbili zimeshika wazo moja na kulipa maumbo mawili. Dhana ya Kroeber ya kichocheo inakaribia kulieleza jambo hili, ila inadhani kwamba upande mmoja ulikuwa na wazo na mwingine ukachochewa. Hapa pande zote mbili zina urithi mmoja, na kila upande umeuendeleza kwa njia yake.

Aidha, Paolo Israel (2014) ameonesha kwamba mapiko ya Msumbiji yalibadilika mara kwa mara. Vikundi vilishindana kwa kubuni aina mpya za uchezaji na sura mpya, na ngoma ikabeba pia mambo ya ukombozi na siasa ya baada ya uhuru. Ushahidi huo unapinga dhana kwamba jamii ya kijijini hungoja mambo mapya yatoke kwingine. Ushindani wa ndani ulikuwa chanzo cha ubunifu. Terence Ranger (1975) alifikia hoja inayofanana alipochunguza ngoma ya beni: ingawa ilivaa sare na kutumia ala za bendi za kijeshi, ilisimama juu ya desturi ya pwani ya vyama vya ngoma vinavyoshindana. Aliyetazama sare tu aliona mwigo wa Wazungu, lakini aliyetazama ushindani aliona jambo la wenyeji.

5.3 Vinyago vya mpingo

Mfano wa vinyago ndio unaoisumbua zaidi nadharia. Wachongaji Wamakonde waliotoka Msumbiji walihamia Tanganyika na wengi wakafika Dar es Salaam. Huko, katika miaka ya 1950, Samaki Likankoa alianzisha mtindo unaojulikana kama shetani, na Mohamed Peera alikuwa mfanyabiashara maarufu wa vinyago hivyo. Mtindo mwingine, wa watu wengi waliopandana katika gogo moja, uliitwa ujamaa na unahusishwa na Roberto Yakobo Sangwani. Zachary Kingdon (2002) ameeleza namna wachongaji hao walivyofanya kazi kati ya mila zao na matakwa ya soko.

Kitovu cha sanaa hii ni wapi? Jibu la uwanda wa Mueda ni sahihi kwa upande wa ustadi na asili ya wachongaji. Jibu la Dar es Salaam ni sahihi kwa upande wa mtindo. Wanunuzi wa Ulaya na Marekani nao walichangia kuamua kipi kichongwe tena na kipi kiachwe. Sanaa inayouzwa duniani kama sanaa ya kijadi ya Wamakonde ilizaliwa uhamishoni, mjini, sokoni, na mikononi mwa watu walioitwa Wamawia. Jina la ujamaa nalo ni jina la siasa ya Tanzania lililowekwa juu ya kazi za mafundi wenye asili ya Msumbiji. Ukidai kitovu kimoja, unaondoa sehemu kubwa ya historia hii.

6.0 Kiswahili katika Kingo Mbili

Lugha ndiyo eneo ambalo mpaka wa dola ulitarajiwa kukata kwa ukali. Kusini mwa mto, Kireno kimekuwa lugha ya utawala na shule. Hata hivyo, Kiswahili kinazungumzwa na watu wengi wa Cabo Delgado, na katika pwani yake, hadi kisiwa cha Ibo, ipo lugha ya Kimwani yenye uhusiano wa karibu na Kiswahili. Njia hii ya baharini ni ya kale kuliko mpaka.

Karne ya 20 iliongeza njia nyingine. FRELIMO iliundwa Dar es Salaam mwaka 1962 kwa kuunganisha vyama vitatu, kimojawapo kikiwa MANU, chenye wafuasi wengi miongoni mwa wahamiaji Wamakonde. Vita vya ukombozi vilianza Cabo Delgado mwezi Septemba 1964, na wapiganaji walipata mafunzo Tanzania, hasa Nachingwea. Waliovuka kwenda kaskazini kwa kukimbia shuruti walirudi kusini wakiwa na silaha, chama na Kiswahili. Mshale uligeuka, na uligeuzwa na watu walewale.

Kwa upande mwingine, maneno ya Kireno yaliyomo katika Kiswahili sanifu, kama vile meza, bendera, leso na mvinyo, hayakuingia kwa sababu ya ujirani wa Ruvuma. Yaliingia kutokana na maingiliano ya baharini ya karne za 16 na 17. Neno gereza, ambalo huhusishwa na neno la Kireno lenye maana ya kanisa, lilibadilika maana kabisa. Hapa sheria ya ukaribu inashindwa mara mbili: ujirani wa zaidi ya miaka themanini na utawala wa Kireno umeacha alama ndogo katika Kiswahili sanifu kuliko safari za meli za kale, na neno lililopokelewa halikubaki na maana ya mtoaji wake.

7.0 Tathmini ya Nadharia

Kutokana na mifano hiyo, mapungufu matatu yanajitokeza. La kwanza ni kutozingatia shuruti. Mfano wa Hägerstrand ulijengwa juu ya mkulima aliyekuwa na hiari ya kupokea au kutopokea ruzuku. Mmakonde wa zama za Kampuni ya Niassa hakuwa na hiari hiyo. Uhamaji wake, na sanaa iliyozaliwa kutokana nao, haviwezi kuelezwa kwa mtiririko wa taarifa peke yake.

La pili ni kukutazama kukataa kama kizuizi. Uwanda wa Makonde hauna maji ya juu ya ardhi, na kwa vizazi vingi wakazi walishuka mabondeni kuteka maji na kupanda nayo. Katika ramani ya usambaaji uwanda huo ni kizuizi cha kimaumbile. Katika historia yake ulikuwa kimbilio, kwa kuwa watu walikaa juu, ndani ya vichaka, ili wawe mbali na hatari za biashara ya watumwa. Umbali waliuchagua na waliulipia kila siku kwa mitungi ya maji. Mtetezi wa Hägerstrand anaweza kujibu kwamba mfano wake ulikuwa na nafasi ya ukinzani, na ni kweli. Lakini ukinzani huo ni ucheleweshaji unaokwisha baada ya mtu kuambiwa mara nyingi. Hauna nafasi kwa mtu aliyesikia, akaelewa na akakataa kwa sababu zake.

La tatu ni kupuuza mabadiliko ya maana. Ndonya, gereza, mkorosho na ujamaa vyote vilibadilika katika safari zao. Mfano mwingine ni jando la Kikristo la Masasi, lililoendelezwa na Askofu Vincent Lucas wa misheni ya UMCA katika nusu ya kwanza ya karne ya 20. Misheni ilidhani inaipa mila ya wenyeji maana mpya. Ranger (1972) alionesha kwamba wenyeji nao walikuwa na maana zao na siasa zao katika jando hilo. Ramani ingeandika kwamba Ukristo umefika na jando limebaki, ingawa vyote viwili vilikuwa vimegeuka.

Mapungufu haya hayaondoi thamani ya nadharia. Bila dhana ya njia, kitovu na umbali, historia ya mkorosho isingeelezeka, na uhusiano wa Kimwani na Kiswahili ungebaki fumbo. Kinachopingwa ni kuifanya ramani ya njia kuwa maelezo kamili ya utamaduni.

8.0 Athari kwa Wakazi wa Mpakani

Suala hili halibaki katika kurasa za tasnifu. Mwezi Oktoba 2017 mashambulizi ya kundi lenye silaha yalianza Mocímboa da Praia. Oktoba 2020 kijiji cha Kitaya, upande wa Tanzania, kilishambuliwa, na Machi 2021 mji wa Palma ukavamiwa. Maelfu ya watu walikimbia. Mwaka 2021 Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi lilieleza hadharani wasiwasi wake kuhusu watu waliovuka kuingia Tanzania na kurudishwa Msumbiji kupitia Negomano.

Katika mazingira hayo lugha ya kuambukiza huja kwa urahisi. Husemwa kwamba itikadi imevuka mto, kana kwamba ni ugonjwa unaofuata ukaribu na undugu. Iwapo utamaduni huenea kwa kugusana, basi kila mwenye shangazi ng'ambo, kila anayesema Kimakonde kwa lafudhi ya kusini na kila mvuvi anayevuka usiku anakuwa njia ya maambukizi. Nadharia iliyobuniwa kueleza ruzuku ya malisho inageuka kuwa msingi wa kumshuku jirani. Dola ina wajibu wa kulinda wakazi wake, na Kitaya ilionesha uzito wa wajibu huo. Lakini ulinzi unaojengwa juu ya dhana kwamba ukaribu unatosha kueleza imani ya mtu utawakosea wengi na kuwakosa wahusika.

Ushahidi wa karne nzima unaonesha kinyume cha dhana hiyo. Watu wa Ruvuma walikuwa karibu na Ureno kwa zaidi ya miaka themanini na wakaikataa kwa silaha. Walikuwa karibu na misheni na wakaipokea kwa masharti. Walivaa ndonya, wakaiacha, wakaichonga. Undugu wa ng'ambo uliwapa mahali pa kukimbilia wakati wa Kampuni ya Niassa, wakati wa vita vya ukombozi na wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Msumbiji vya 1977 hadi 1992. Mtu aliyevuka Ruvuma mwaka 2021 alifuata njia ileile kwa sababu ileile, yaani kutafuta usalama kwa watu wake.

9.0 Hitimisho

Makala haya yamehakiki nadharia ya usambaaji wa utamaduni kwa kutumia mifano ya Kilambo na maingilio ya Mto Ruvuma. Imebainika kwamba nadharia hiyo inaeleza vizuri njia na umbali, ilhali inaeleza kwa udhaifu sababu za kupokea, kukataa na kugeuza. Inapendekezwa kwamba tafiti za jiografia ya utamaduni katika maeneo ya mipakani zianze na maswali matatu kabla ya kuchora mshale wowote: nani alilazimishwa, nani alikataa, na jambo lililopokelewa lilipewa maana gani na waliolipokea. Inapendekezwa pia kwamba ufundishaji wa mada hii katika shule na vyuo utumie mifano ya karibu, kama mkorosho na mapiko, ambayo mwanafunzi wa Mtwara anaifahamu na anaweza kuihoji.

Kivuko cha Kilambo kitaendelea kungoja maji yajae. Wanaokisubiri hubeba mizigo inayoweza kuorodheshwa na forodha, na mambo mengine ambayo hakuna fomu ya kuyaandika. Jiografia ya binadamu ina deni la kuyaeleza mambo hayo kwa kuwasikiliza wanaoyabeba.